Gunia la Jogoo Mwekundu

Kuna uzi mmoja tu wa kuvuta.
Ukiupata, mdomo wa gunia hufunguka kwa mkupuo mmoja,
krrrrr, kama mtu aliyekubali kusema kweli.
Ukiukosa, utakaa kibarazani hadi alasiri
na fundo, na kisu, na matusi ya chini kwa chini.
Mama hakuukosa hata mara moja.
Aliutafuta kwa ukucha wa kidole gumba,
upande wa kulia, nyuzi mbili chini ya mshono,
akavuta,
na kuku ishirini na sita kule darini
wakasimama wima.

Uzi haukutupwa. Ulizungushwa kwenye gunzi,
ukafunga tiara zetu, mguu wa meza,
kidonda cha mpira wa maji,
na siku moja ukafunga mlango,
Deni alipojifunza kuufungua kwa meno.

(Deni ni punda. Tulimnunua kwa mkopo.
Mkopo uliisha, jina likabaki.)

Gunia lenyewe lilivuka na boti ya Mokowe,
kilo sabini, jogoo mwekundu kifuani.
Likiisha kilichomo ndipo lilipoanza kazi.
Mawili yakishonwa mgongo kwa mgongo yalikuwa shogi:
Jumatatu Deni alilamba humo vumbi la mwisho la pumba,
Jumamosi akabebeshwa mchanga kwa gunia lile lile.
Niliona ni ukatili.
Mama akanitazama: "Na wewe sahani yako huioshi?"

Lililochanika ubavuni lilishindiliwa udongo na samadi,
likatobolewa kwa msumari wa moto,
na mchicha ukamtoka jogoo mbavuni.
Lingine lilikuwa pazia la choo, limetundikwa juu chini,
kwa hiyo kila mgeni aliyechutama
alimwona jogoo anapiga mbizi.

Lakini niliketi kuandika habari za mkoba wa Famau.

Darasa la pili. Kamba za begani za mshipi wa marehemu baba,
kifungo kimoja cha koti,
na jogoo katikati ya mgongo, mkubwa kuliko mwenye mgongo.
Kabla ya kengele ya saa nne alikuwa na jina jipya.
Kokoliko! Na vichochoro vya Langoni vilivyo vyembamba,
neno likitupwa huku hurudi kutoka kule.
Alifika nyumbani ameugeuza,
jogoo yuko ndani na madaftari.
Mama hakuuliza. Aliugeuza tena, akauinua penye taa.
"Nde ndiko kuliko na mandiko. Ndani ni weupe tu.
Wewe wataka kutukua weupe usio na neno?"
Famau alikuwa na miaka minane, hakuelewa.
Mimi nilikuwa na kumi na moja, sikuelewa pia.
Ila kesho yake, alipofika penye kona ya wale watoto,
aliwika yeye kwanza.

Mwaka jana tuliukuta mkoba wa namna ile
katika duka moja la mbele ya bahari.
Una bitana ya kitenge, una lebo ya ngozi,
na bei ya kulisha kuku wetu miezi miwili.
Mama aliufungua kama anayemtazama mtoto meno,
akapitisha ukucha ule ule kwenye mshono.
"Uzi huu utaatia kabula ya Maulidi,"
akamnong'oneza muuzaji, kwa huruma kabisa,
akatoka.

Jua hula magunia. Mwaka mmoja huko juu
nyuzi huchoka, huwa vipande vyembamba vinavyong'aa,
na upepo ukivichukua vitafika majini,
kasa atavidhania riziki.
Mama hakuviachia upepo. Alivizoa kwa kiganja,
akavishindilia kwenye foronya.

Mto huo nimekuja nao Mombasa.
Ni mgumu, una joto, simwonyeshi mtu.
Lakini usiku nikigeuza kichwa
hutoa sauti ndogo, kavu, ya haraka haraka,
ya kuku ishirini na sita wanaodonoa,
na ya mtu, karibu yao,
anayetafuta uzi
kwa ukucha.